Umeacha Nyama, Sahani Umeijaza Nini?

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro aliniandikia ujumbe mrefu. Aliacha nyama Kwaresima, Pasaka ikapita, akaamua kuendelea moja kwa moja. Sasa akiinuka kitandani anasikia kizunguzungu, kazini ikifika saa tisa alasiri mwili umeisha nguvu, nywele zinakatika, na mama yake kila siku anamwambia arudi kwenye nyama kabla hajazikwa. Akaniuliza: kaka, wewe uliwezaje?

Nikamwomba aniambie alichokula jana yake. Asubuhi chai ya rangi na maandazi. Mchana chipsi kavu na soda. Usiku wali na kachumbari. Na juzi? Hivyohivyo, isipokuwa usiku ulikuwa ugali na mchicha.

Dada yangu, na ninyi wengine wote mnaoniandikia habari za namna hii, chipsi na soda navyo havina nyama. Kuacha nyama ni jambo la siku moja, unaamka na kuacha. Kazi iko kwenye kile unachokiweka pale nyama ilipokuwa, na wengi wenu hamjaweka kitu. Mnakula wanga asubuhi, wanga mchana, wanga usiku, halafu mkidhoofika mnasema mboga hazifai. Mboga hazijakosa lolote.

Nianze na yangu, maana wengi mnauliza. Mimi niliacha kwa sababu ya gauti. Nilikuwa na watu wangu, Ijumaa jioni tunakutana baa moja ya Sinza, tunaagiza mbuzi nusu, ndizi za kuchoma, pilipili ya kutosha, bia hazihesabiki. Wikiendi ikiwa nzuri inaongezeka kitimoto na supu ya asubuhi ya kutoa uchovu. Ndiyo yalikuwa maisha na sikuona tatizo, kwa sababu kila niliyemfahamu aliishi hivyo. Usiku mmoja kidole gumba cha mguu wa kulia kikavimba na kuwaka moto kiasi kwamba shuka likikigusa napiga kelele. Mke wangu alidhani nimeng'atwa na mdudu. Asubuhi nilipelekwa hospitali nikiwa nimevaa kiatu mguu mmoja.

Asidi ya yuriki kwenye damu ilikuwa juu. Daktari akanieleza bila haraka kwamba nyama nyekundu, maini, figo, dagaa na bia vinaiongeza, na ikizidi inajikusanya kwenye kiungo na kuwa fuwele zenye ncha, ndiyo maana maumivu ni makali namna ile. Akanipa dawa, akaniambia nipunguze nyama na niache bia. Mimi nikaamua kuacha vyote viwili, nikabaki na mayai na maziwa. Dawa nilizoandikiwa naendelea nazo na kipimo narudia kila ninapoambiwa, kwa hiyo asije mtu kusema nimeandika kwamba maharage yanatibu gauti. Ila kidole changu kimetulia, presha iliyokuwa inanyemelea imeshuka, suruali zimerudi kwa fundi kupunguzwa kiuno. Nasema kwa kujivunia, kwa sababu nilipoanza hakuna aliyeniamini.

Wale wa Sinza walinibadilisha jina, nikawa Mbuzi. Mwanzoni nilivumilia, nikawa naenda nakaa nao na maji yangu na ndizi za kuchoma. Baadaye nikaanza kuona picha zao mitandaoni, Ijumaa, meza ileile, na mimi sikuambiwa. Walikuwa wamefungua kundi jingine la WhatsApp. Watu niliowachangia misiba na harusi, niliolala nao hospitalini wakiuguliwa. Sijawahi kuwauliza na sitawauliza, lakini nikisema sijaumia nitakuwa nadanganya.

Ukweni ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Mke wangu ni wa Rombo, na mnajua Desemba Uchagani kukoje. Mwaka ule dada yake alikuwa anaagwa, ndafu ikaletwa mbele ya wageni, mbuzi mzima amechomwa na kupambwa, majani mdomoni, vigelegele. Vipande vikaanza kugawiwa. Kilipofika kwangu nikasimama, nikashukuru kwa heshima zote, nikaomba wapewe wengine. Baba mdogo wa mke wangu akauliza kwa sauti ya watu kusikia, "Mkwe gani huyu anayekataa mbuzi wetu?" Ukumbi ukacheka. Mke wangu akainamisha kichwa. Safari ya kurudi Dar hatukuzungumza mpaka Korogwe.

Aliyeninyanyua ni mama mkwe wangu. Desemba iliyofuata nilipomwamkia tu, "Shikamoo mama," akanishika mkono akanipeleka jikoni. Jiko la kuni, sufuria jeusi, ndani kuna kiburu: ndizi mbichi na maharage vimechemshwa pamoja na magadi kidogo, yeye mwenyewe akaanza kuvisonga kwa mwiko mpaka vikashikana, rangi ya hudhurungi, moshi wa kuni umeingia ndani ya chakula. Akanijazia bakuli. Akasema, "Baba, sisi tumekulia hiki. Mbuzi alikuwa wa sikukuu." Yule baba mdogo alikuja akanikuta nakula, akachota na yeye.

Nimesimulia haya kwa sababu tunadanganyana kwamba kutokula nyama ni mambo ya kigeni, ya Wazungu au ya Wahindi wa Kisutu. Mimi nimezaliwa Upare, Same. Wasabato walifika milimani kwetu 1903, na nimekua nikiona wazee wa kanisa hilo ambao hawagusi nyama, wanapandisha mlima na mzigo kichwani. Huko Loma Linda, Kalifonia, Wasabato wamefuatiliwa na watafiti kwa miongo mingi, na utafiti mmoja ulioanza 2002 uliandikisha watu zaidi ya 90,000. Miongoni mwao, wasiokula nyama walionekana kuwa na kisukari kidogo na presha kidogo kuliko wenzao wanaokula. Wengi wao hawavuti sigara wala hawanywi pombe, hilo nalo lihesabiwe. Na Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza 2015 kwamba nyama zilizosindikwa, soseji na wenzake, zinasababisha saratani, na nyama nyekundu huenda nayo ikasababisha. Mnaowafungia watoto soseji kila siku waende nazo shule, nawaomba mlitafakari hilo.

Sasa turudi kwa dada wa Morogoro, na nitatumia siku yake hiyohiyo.

Asubuhi yako ina maandazi. Sawa, usiyaache, yawekee mbaazi. Watu wa Tanga, Unguja na Mombasa wanajua hili tangu zamani: mbaazi zimelala kwenye maji usiku kucha, zimechemshwa zikaiva kabisa, kisha tui jepesi kwanza, kitunguu, bizari kidogo, pilipili nzima isiyopasuliwa, na mwisho tui zito likichemka taratibu mpaka mchuzi unaganda pembeni. Pika Jumapili, gawanya kwenye vikopo, weka kwenye friza. Chai ya rangi isogeze mbele saa moja au mbili baada ya chakula. Majani ya chai yanazuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini, na chuma cha mimea tayari kinaingia kwa shida kuliko cha nyama. Badala ya chai, kula na chungwa, pera au embe, au kamulia limau kwenye mboga. Vitamini C inakisaidia kile chuma kiingie. Hili la limau na chai peke yake lingewaokoa wengi mnaolia damu ndogo.

Mchana nenda kwa mama ntilie. Najua shida yake. Ukimwambia huli nyama anakuuliza, "Basi nikuwekee kuku?" Ukikataa kuku analeta dagaa. Ukikataa dagaa anakuambia atatoa vinofu akuachie mchuzi. Usikasirike, wengi wao hawajawahi kuulizwa. Sema tangu mwanzo: wali maharage, mchicha mwingi, maharage mara mbili, nitalipa. Wa kwangu Kariakoo sasa ananiona kwa mbali anachota kabla sijakaa.

Kwa nini mara mbili? Maharage yaliyopikwa, gramu 100, yana protini kama gramu 8 au 9 hivi. Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji kama gramu 56 kwa siku. Kijiko kimoja cha maharage juu ya mlima wa wali hakikufikishi. Lazima yawe maharage, choroko, kunde, dengu, mbaazi au njugu mawe mchana na usiku, karanga au korosho katikati, na yai moja lenye gramu 6 ukiwa unakula mayai. Lile bango la zamani la kliniki lenye makundi matano ya vyakula liliweka maharage, nyama, samaki na mayai kundi moja. Ukitoa kimoja, kiongeze kingine cha kundi hilohilo. Wali na maharage vinakamilishana, kile kinachopungua kwenye protini ya nafaka kimo kwenye maharage. Maharage, ndugu zangu. Nitasema mpaka mchoke.

Usiku pika makande. Kwetu mahindi yaliyokobolewa yanalowekwa tangu jana yake, maharage yanalowekwa chombo chake. Maji ya kuloweka yamwage. Mahindi yatangulie motoni, maharage yafuate, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo upunguze moto, kwa sababu maharage mekundu yasiyochemshwa vizuri yana sumu inayosokota tumbo. Vikiiva, tia kitunguu, karoti, nyanya, na karanga zilizosagwa. Pembeni weka sukuma wiki, matembele au mnafu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kachumbari yako ya nyanya moja haifiki hata nusu.

Mayai na maziwa, kama unavitumia, endelea navyo. Kama umeviacha pia, basi sikiliza kwa makini: vitamini B12 huipati kwenye mchicha, wala kwenye maharage, wala kwenye unga wowote wa majani unaouzwa kwenye mabasi. Lazima unywe vidonge vyake au ule chakula kilichoongezewa. Ini linaweka akiba ya miaka, kwa hiyo unaweza kujiona mzima kabisa huku akiba inaisha, halafu ganzi inaanza miguuni. Wanaowafundisha watu kwamba mimea ina kila kitu wanawapotosha, na wengine wanawauzia unga.

Na hicho kizunguzungu, kabla ya kubadilisha lolote, nenda zahanati upimwe damu. Inaweza kuwa chuma, inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mimba. Maharage yasubiri majibu. Mama yako usibishane naye. Mpikie mbaazi, mkaribishe ale.

Umeuliza pia kama mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu aache nyama pamoja nawe. Hapana. Tumbo lake ni dogo, hawezi kula maharage ya kumtosha, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema watoto wa miezi 6 mpaka 23 wapate nyama, samaki au mayai kila siku. Uamuzi huu ni wako, umeufanya ukiwa mtu mzima. Yeye mpe yai lake na dagaa wake waliosagwa kwenye uji, na ukienda kliniki kumpima uzito muulize mtaalamu wa lishe pale pale.