Anaimba jedwali la 7, kugawanya kunamshinda

SWALI: Mwanangu wa darasa la tatu anaimba jedwali la 7 bila kukosea. Nikimuuliza 7 × 8, lazima aanzie 7 × 1. Kwenye 56 ÷ 7 anakwama kabisa. Nifanyeje? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Mzazi mwenzetu, mtoto ameshika wimbo, na wimbo hauanziwi katikati. Uache kwanza.

Tafuta vizibo 56 vya soda. Avipange mistari 7, kila mstari vizibo 8, kisha ahamie ubavuni mwa mistari hiyo: sasa anaona mistari 8 ya vizibo 7. Akielewa kwamba 7 × 8 na 8 × 7 ni jibu moja, majibu 100 ya jedwali la 1 hadi la 10 yanabaki 55 tu ya kujifunza.

Sasa mpe sahani 7 agawe vizibo vyote, kimoja kimoja kwa zamu. Asichote kwa konzi. Hapo ndipo sahani moja huzidi nyingine na mtoto hajui kwa nini. Kila sahani itapata 8. Ongeza vizibo 3, agawe upya vyote 59: vitatu vitabaki. Vikibaki 7 au zaidi, hajamaliza kugawa.

Mwisho, andika 7, 8 na 56 kwenye kadi moja. Funika namba moja, ataje iliyofichwa. Dakika 5 kila jioni zinatosha, mkikazania 6 × 7, 6 × 8, 7 × 8 na 8 × 9, zinazosumbua wengi. Akisahau 7 × 8, asirudi kwenye wimbo: 7 × 4 ni 28, na 28 mara mbili ni 56.