Barua kwa mwanangu: siku za Mlalo

Mwanangu Idi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza, mkienda Mlalo, kule milimani kupita Lushoto, kwa Bibi mwezi wa saba na hawa watoto wawili, siku ngapi zinatosha. Siku nitazifikia. Kwanza niambie mtafika saa ngapi, na huyu mkubwa, Nuru, atakuwa amekula nini, maana ziara ya kule huharibikia mlangoni, hata viatu hamjavua.

Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mbezi, hapo Dar, likienda vizuri litawafikisha Mombo mchana. Hapo ndipo safari inapoanza. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini mnapanda karibu mita elfu moja kwa kona juu ya kona, na mtoto wa miaka mitatu aliyekunywa maziwa Korogwe atayarudisha kabla hamjaiona Soni. Maziwa, juisi na chipsi asionje tena mkishapita Segera. Mpeni mkate mkavu au nusu ya ndizi mbivu, kama saa moja kabla ya Mombo, na maji kwa funda. Wako wanaosema asile kabisa. Wasikudanganye, tumbo tupu nalo hutapika. Akae mbele anapoiona barabara, dirisha wazi kidogo, na simu mnyang'anye. Macho yakiganda kwenye katuni huku mwili unayumba, kichwa hakijui kimsadiki nani, na tumbo ndilo linalolipa. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, usitegemee kondakta atakupa moja. Chukueni kopo la siagi la nusu kilo, lenye mfuniko, na kitambaa kibichi. Nguo za kubadilisha ziwe juu kabisa ya begi la mkononi. Zikiwa kwenye buti ni sawa na kuziacha nyumbani.

Mkishuka Lushoto msikimbilie gari la Mlalo. Kaeni nusu saa, Nuru ale wali maharage, alale kidogo mgongoni kwa mama yake. Mtoto mwenye njaa hana adabu. Nimelisema hili tangu mko wadogo, mkanicheka, na ninalisema tena.

Wewe hukumbuki, ulikuwa na miaka minne. Tulifika saa kumi jioni, hujatia kitu mdomoni tangu Korogwe, kwa sababu baba yako alisema tutakula hukohuko. Bibi akatoka amejifunga kanga mpya, akakuinamia. Badala ya shikamoo ukamuuliza, "Tunaondoka lini?" Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, kisha akaingia ndani, akaagiza jogoo aliyemuweka kwa ajili ya siku ya tatu achinjwe jioni ileile. Baba yako, Mungu amrehemu, akakufinya sikio nyuma ya mlango. Mimi nimesimama na begi mkononi, sikusema kitu. Na humo begini mlikuwa na andazi zima, limefungwa kwenye gazeti.

Haya. Utaniambia Nuru akishiba Lushoto hatakula kwa Bibi, na Bibi atanuna. Ni kweli, atanuna. Makande yake yanakaa jikoni saa tatu nzima, na anayapika kwa ajili yenu. Lakini makande hayohayo huiva saa mbili usiku, wakati Nuru ameshalia hadi kulala. Basi ashibe nusu. Sahani ya wali mgawane naye, kinachobaki tumboni kiwe nafasi ya Bibi. Na bebeni kilo moja ya unga wa uji. Asubuhi mama Nuru aombe moto mapema, kabla chungu kikubwa hakijabandikwa.

Shikamoo mumfundishe wiki nzima kabla. Akikataa pale mlangoni msimlazimishe. Hapana, mlazimisheni kidogo, mara moja, kwa sauti ya chini, kisha mmuache. Akishazoea kuku na mbuzi ataamkia mtaa mzima bila kuambiwa.

Mdogo wake mwenye miezi mitano ndiye atakayewapa kazi. Bibi amelea wengi na atataka kumlambisha asali, au kumnywesha vijiko viwili vya maji "koo lisikauke". Maziwa ya mama yanamtosha mpaka atimize miezi sita. Asali hata tone asipewe kabla ya mwaka. Humo huweza kuwamo vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga, hata kupumua kukamshinda. Usibishane na Bibi wewe. Mama Nuru aseme nesi wa kliniki amekataza, yaishe. Kliniki haina ukoo, haimkosei mtu heshima. Nuru akipewa maziwa ya ng'ombe, yawe yamechemka mpaka yamepanda sufuriani. Akiharisha, pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ni kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, siyo kwa kikombe, na yaliyobaki baada ya siku moja mwageni. Chukueni pakiti tatu. Mkishafika Mlalo si rahisi kukimbilia duka la dawa usiku.

Sasa hili usilipitie haraka. Mwezi wa saba kule baridi inaingia mpaka kwenye godoro, na Bibi kwa mapenzi yake atawaletea jiko la mkaa chumbani. Jiko lisilale nanyi, hata kama makaa yamebaki mekundu tu bila moshi. Hewa ile haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Mshukuruni, jiko likae uani, nanyi mjaze maji ya moto kwenye chupa, muizungushie kanga, ipashe kitanda robo saa, kisha muitoe kabla mtoto hajalazwa. Soksi, suruali mbilimbili, sweta. Chandarua mchukue, hata wakiwaambia mlimani hakuna mbu.

Nepi za kitambaa waachie watu wa joto. Ukungu wa Julai haukaushi kitu, utazikuta mbichi hadi siku ya tatu. Pampasi sita kwa siku, zidisha kwa siku zenu, ongeza sita. Zilizotumika zisitupwe chooni, shimo litajaa na lawama ni ya mkeo. Omba jembe, chimba shimo refu mbali na kisima.

Zawadi: mchele kilo tano, sukari kilo mbili, nazi, dagaa wakavu, sabuni za mche, na doti moja ya kanga ambayo mama Nuru ameyasoma maneno yake kwanza. Mbogamboga na matunda msipeleke, huko ndiko yanakotoka. Pesa mpe mkononi siku ya kuaga. Ukitoa siku ya kufika, itaishia kuwanunulia ninyi nyama.

Siku, basi. Wazee wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na watu hulisikia kama fumbo la kumfukuza mgeni. Mimi naona siku ya jembe ndiyo tamu. Mama Nuru akishaingia jikoni kumenya viazi, nawe ukapasua kuni, Bibi huacha kuhangaika, na watoto wanakuwa watoto wa pale. Kwa hiyo ningesema... Lakini likizo yenu siijui, na mtoto wa miezi mitano ukimkalisha sana kwenye baridi... Tena ukimkalisha kidogo, njia ile yote kwa nini? Idadi ninayo kichwani, Idi. Mkeo akinipigia peke yake huenda ikaniponyoka. Wewe sikuambii, usije ukamwambia Bibi "Mama amesema".

Kile kikapu alichotuletea mapichesi bado kiko kwangu juu ya kabati. Nitakituma kwa basi la jioni la kutoka Tanga, ukipokee Mbezi, wala kisirudi kwake kitupu. Nitatia nazi nne, na juu yake maandazi ya Nuru. Yawe karibu na mkono.

Mama yako