Maswali yenu: mwaka wa kwanza wa uhandisi

Mwanangu anasoma uhandisi ujenzi, amepata sapu (mtihani wa marudio) ya kalkulasi, hesabu za mabadiliko. Tumtafutie kozi nyingine? (Mama, Njiro)

Hapana, mama. Sapu moja si disko, yaani si kufukuzwa chuo. Muulize kwanza kama kuna mtu amewahi kumwonyesha kalkulasi hiyo ina kazi gani. Kijana mmoja wa mtaa wa Sakina alinijia na sapu kama hiyo, kanuni zote amekariri. Nikampeleka mtaa wa Unga Limited kwa fundi mageti, tukalaza ubao juu ya matofali mawili, nikamsimamisha katikati. Ubao ukabonyea, ukalia. Nikamwambia atafute momenti ya kupinda, ile inayoukunja ubao, inafika kilele wapi. Ni pale nguvu ya kukata inapovuka sifuri, nayo ni derivativu ya momenti hiyo (kasi yake ya kubadilika), ileile aliyokariri! Alishuka, akaomba chaki, akaanza kuchora sakafuni. Vijana wengi wanaoacha kozi hawakosi akili. Wamemaliza mwaka mzima bila kuuona uhandisi wenyewe.

Nimesoma CBG (kemia, biolojia na jiografia). Naweza kusoma uhandisi umeme? (Majengo, Moshi)

Swali hili nalijibu kila mwezi. Fungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, usome sifa za kozi kabla ya kuniandikia.

Mhadhiri alituambia siku ya kwanza kuwa nusu yetu tutadisko. Ni sawa?

Si sawa, na inaniuma. Mtoto ametoka kijijini Rombo, wazazi wameuza ng'ombe, halafu anapokelewa kwa vitisho. Darasa likifeli nusu, mwalimu naye ajihoji.

Kuna chuo kilichobadilisha mpangilio huu wa kalkulasi kwanza, uhandisi baadaye? (Mwalimu, Kijenge)

Kipo. Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, Marekani. Tangu 2004 walimu wa uhandisi wenyewe hufundisha hisabati ya mwaka wa kwanza kwa mifano ya mekanika na umeme, pamoja na maabara. Mwanafunzi anaendelea na masomo ya uhandisi hata kama hajamaliza kalkulasi yote. Kalkulasi haikufutwa, ilisogezwa mbele kidogo, na wanaobaki wakaongezeka. Wanaotaka hesabu zipunguzwe wasinitumie mimi kama shahidi.

Bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) limechelewa, nimekosa wiki tatu za michoro. Nikinakili madaftari ya wenzangu inatosha?

Haitoshi. Michoro ni mkono na jicho. Azima ubao na rula T leo jioni, chukua kiberiti, ukichore kutoka mbele, juu na ubavuni. Kesho uwe darasani, bumu liwe limeingia au halijaingia.