Kununua Picpoul de Pinet kwenye ushirika

Ndugu yangu, umeuliza kama utakapofika Pinet, kusini mwa Ufaransa, ununue mvinyo mweupe wa Picpoul kwenye ushirika wa wakulima au kwa mkulima binafsi, na kama unafaa kuwekwa miaka mingi. Mimi ningeanza na ushirika bila kusita, kwa sababu zabibu za Picpoul huchelewa kuiva na hubaki na uchachu wake hata chini ya jua kali la Mediterania, kwa hiyo ubora hutegemea zaidi kuvuna kwa wakati na kuchachusha polepole katika matangi yanayopozwa, ambayo ni gharama kubwa kwa mkulima mmoja mdogo. Hakikisha lebo imeandikwa Picpoul de Pinet, jina linalolindwa kisheria kwa hadhi yake yenyewe tangu 2013. Usiuweke, unywe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kabla hujaondoka, tafadhali agiza chaza wa wangwa wa Thau, ulio jirani kabisa: ukimeza chaza mwenye chumvi, kisha ukanywa funda moja la baridi, utasikia harufu ya limau ikipanda puani.