Geuza sumaku kabla hujaandika namba yoyote

Mdogo wangu wa Bukavu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba utapima volti ya Hall, ile inayojitokeza kukingama mkondo ndani ya uga sumaku, kwenye tabaka lako la galiamu arsenidi (nusu-kipitishi) kwa kugeuza mkondo tu, sumaku uiache ilivyo kwa sababu ni nzito, kisha kutokana nayo uhesabu idadi ya elektroni kwa ajili ya memwari yako ya kumaliza chuo. Usithubutu! Maneno hayo hayo asistanti wetu hapa Lubumbashi alitulisha kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na juri ikaifuta sura yangu nzima ya matokeo. Linaniuma mpaka leo, maana kulijua hilo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Elektroni zikipita kwenye tabaka jembamba, uga sumaku ukilichoma wima, zinasukumwa pembeni. Zinarundikana ukingoni mpaka ule mrundikano wenyewe uzisukume wenzake kurudi, na zinazofuata zinapita moja kwa moja. Volti hiyo ya kukingama ndiyo aliyoiona Edwin Hall mwaka 1879. Kanuni yake unaijua: mkondo mara uga, gawanya kwa idadi ya elektroni kwa eneo mara chaji ya elektroni moja; volti ikizidi, elektroni zinaonekana chache.

Shida iko kwenye vidoti vyako vya indiamu, metali laini unayoungia nyaya kwenye kingo za tabaka. Umevibandika kwa mkono, kwa hiyo havitazamani sawasawa. Chukua tabaka lenye elektroni 3×10¹¹ kwa sentimita mraba na ukinzani wa omu 2,600 kwa kila mraba. Pitisha mikroampea 10 kwenye uga wa tesla 0.3. Volti ya Hall ni milivolti 6.25. Kidoti kimoja kikipishana na mwenzake kwa sehemu moja ya kumi ya upana wa tabaka, kinaokota milivolti 2.6 za ukinzani wa kawaida. Mita inasoma 8.85, nawe unaandika elektroni 2.1×10¹¹. Karibu theluthi imepotea, na uhamaji wa elektroni, yaani wepesi wao wa kusogea, unaotokana na hesabu hiyo nao ni wa uongo.

Kugeuza mkondo hakukuokoi. Volti ya joto ya kwenye viungio itaondoka, sawa, lakini ile ya vidoti vilivyopishana inageuka pamoja na mkondo, sambamba na ya Hall. Uga ndio unaozitenganisha: ukiugeuza, Hall inabadili alama, ukinzani unabaki palepale. Utasoma 8.85, halafu −3.65. Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawanya kwa 2: 6.25.

Zile ngazi za kwanta ulizouliza, ambapo ukinzani wa Hall (volti yake ukiigawanya kwa mkondo) unapanda kwa hatua badala ya mfululizo, alizoziona Klaus von Klitzing huko Grenoble mwaka 1980, omu 25,812.8 ikigawanywa kwa namba kamili, zinataka ubaridi wa heliamu kimiminika na tesla nyingi. Kwa sumaku ya mezani ziache.

Sumaku nzito usiibebe. Pindua kishikio cha sampuli nyuzi 180, uga uingie kwa uso wa pili wa tabaka, nyaya zikiwa zimegandishwa kwa gundi zisivute vidoti. Ukimaliza, leta hapa namba zote nne: uga huku na huku, mkondo huku na huku.