Acha mizani, chukua futi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema hapo kazini Kampala mlipimwa wote: wewe ukakutwa na presha 148 kwa 94 na kuambiwa upunguze uzito, na mwenzako anayecheza raga, aliyekuzidi kilo nne na mnalingana kimo, akatoka na 118 kwa 76. Unauliza haki iko wapi. Haki ipo, ila mizani haiioni.

Mizani hujumlisha vyote: mifupa, maji, misuli, mafuta, hata katogo uliyokula asubuhi. Nimepiga ile hesabu ya kliniki, kilo ugawanye kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Wewe mwenye kilo 84 na mita 1.72 unapata 28, yeye anakaribia 30. Kwenye karatasi yeye ndiye mnene. Nilipokuwa nesi kambini nikiwapima mabondia niliwaona wengi wa namna hiyo, presha zao zimetulia, maana uzito wao ulikuwa mabega na mapaja.

Sasa wewe. Tafuta futi ya fundi cherehani, simama wima, toa pumzi kawaida na usivute tumbo ndani (nakujua). Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, si pale unapofunga mkanda. Mkanda wako siku hizi umeteremka chini ya kitambi, ndiyo maana unajisifu kwamba suruali ni saizi ileile. Mwanaume akifika sentimita 94 aanze kujiangalia, mwanamke 80. Au tumia njia nyepesi: kiuno kisifike nusu ya kimo. Nusu yako ni 86.

Mafuta ya chini ya ngozi unayoweza kuyafinya, kama ya nyonga za shangazi yako, hayana ukorofi mwingi. Makorofi ni yale ya ndani, yanayozunguka utumbo, ini na figo. Figo zikibanwa hushindwa kutoa chumvi na maji inavyotakiwa, na mishipa inabeba damu nyingi zaidi. Tena hayakai tu kama gunia nyuma ya boda, yanatoa kemikali. Mojawapo ni leptini, huchochea neva zinazoharakisha moyo na kukaza mishipa. Mafuta hayohayo husaidia kutengeneza angiotensini, kemikali inayobana mishipa na kuzifanya figo zing'ang'anie chumvi. Insulini nayo, ile homoni ya kushusha sukari, ikizidi, kwa kuwa mwili umeacha kuisikia, inaongeza chumvi juu ya chumvi.

Usiifanye futi kuwa mganga, lakini. Mjomba wako alikuwa mwembamba na presha bado ilimwangusha. Kuna umri, kuna ukoo, kuna waragi, ile pombe kali, kuna figo zenyewe.

Mama yako anasema nikuache, mwanaume lazima aonekane ameshiba. Mimi nasema anza na nyama choma yako ya Ijumaa. Muchomo wenyewe si adui; adui ni ile chumvi unayomwagia tena pembeni ya sahani, na chupa za bia zinazofuata. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mchuzi. Rolex ya kila asubuhi, chapati mbili zenye mayai ndani zilizochuruzika mafuta, ipunguze. Kila kilo moja inayotoka hushusha nambari ya juu ya presha (ile 148 yako) kwa takriban pointi moja, na ukitembea kwa bidii mafuta ya tumboni ni ya mwanzo kuondoka. Vyuma inua, misuli inasaidia, ila usizuie pumzi unapoinua: presha hupanda ghafla.

Kabla ya hayo yote, rudia kipimo. Umeniambia ulipanda ngazi mbio na ukapimwa papo hapo. Kaa kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu usiipandanishe, mkono usawa wa moyo. Na uombe kitambaa kikubwa cha kufunga mkononi, kwa sababu kidogo kwenye mkono mnene kama wako hutoa nambari ya juu kuliko ya kweli. Azima mashine, pima asubuhi na jioni wiki nzima nyumbani. Wastani ukiwa 135 kwa 85 au zaidi, nenda kliniki na daftari lako, daktari aamue kama unahitaji dawa.

Vidonge vya mama yako, anavyotaka kukutumia vimefungwa kwenye leso, usivimeze.

Baba yako, Jinja