Kloni ni nini hasa, na neno limetoka wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Naomba mnisaidie hili neno kloni mana nalisikia kila mahali, mara kondoo kloni, mara simu kloni, mara namba ya gari imekloniwa, na mwalimu wa baiolojia wa mdogo wangu kasema hata mapacha ni kloni. Je ni kitu feki au ni kitu cha maabara? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Asante ndugu msomaji, nimefurahi umeuliza mana wengi wanadhani neno hili limezaliwa maabara, kumbe limetoka shambani kabisa. Kwa Kigiriki cha kale ni kijitawi, kile unachokata kwenye mti ukaenda kukipanda. Mwaka 1903 Herbert Webber, mtaalamu wa mimea kwenye wizara ya kilimo ya Marekani, alikuwa anatafuta neno fupi la kuita mimea yote iliyotokana na mmea mmoja bila kupitia mbegu, akalichukua hilo akaliandika "clon". Ile e ya mwisho iliongezwa baadae ili o itamkwe ndefu.

Kwahiyo mwanzoni kloni ilikuwa ni ukoo mzima. Chukua muhogo. Unakata shina vipande vyenye macho kadhaa unafukia, kila kitakachoota ni mmea uleule unaendelea kuishi, na jirani akikuomba mbegu ukampa fito mbili tatu naye anakuwa nao huohuo. Ndo mana muhogo mtamu unabaki mtamu miaka nenda rudi, na ndo mana ugonjwa wa batobato nao unasafiri humohumo ndani ya fito mpaka shamba la mwenzio, alafu kama aina hiyo haiwezi kustahimili ugonjwa basi shamba zima linaumwa kwa pamoja. Migomba ni hivohivo, na Uganda wana robusta ya vipandikizi ambayo wanaiita kabisa kahawa ya kloni.

Aliyelifikisha neno kwa kila mtu ni Dolly, kondoo aliyezaliwa Julai 5, 1996 kwenye Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, Scotland. Walichukua seli ya kiwele ya kondoo wa miaka 6 wakaiunganisha na yai la kondoo mwingine lililotolewa kiini, walifanya hivo kwa mayai 277 akapatikana mzima huyo mmoja tu. Habari ilipotangazwa Februari 1997 ilizunguka dunia nzima, na kwa watu wengi kloni ikawa ni nakala isiyo na tofauti hata chembe. Hapo sikubaliani nao. Paka wa kwanza wa kloni, aliyezaliwa Texas mwaka 2001, hakufanana na paka aliyetolewa seli, yule alikuwa na madoa ya rangi ya chungwa huyu hana hata moja, mana paka jike ana kromosomu X mbili (kromosomu ni nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi) na kila seli inazima moja, na rangi ya chungwa inategemea imezimwa ipi.

Kwenye kompyuta maana ilishaanza kuhama mapema zaidi. Kampuni ya IBM walitoa kompyuta yao ya PC 1981, makampuni kama Compaq yakatengeneza mashine zinazoendesha programu zilezile, zikaitwa kloni za IBM japo ndani hazikutoka kiwanda cha IBM. Hapo undugu umeondoka, kumebaki kufanana. Simu kloni na namba ya gari ni maana hiyo, na kwa hizo upo sahihi kusema feki, mana lengo ni mtu adhani ni ile yenyewe.

Mapacha sasa. Mwalimu yupo sahihi kwa wale wa yai moja, lile lililogawanyika wakatoka watoto wawili. Wa mayai mawili tofauti sio kloni, hao ni ndugu wa kawaida tu ila wamebebwa mimba moja.